Shukrani kwa mama aliyenishika mkono

Shikamoo mama. Sikukuuliza jina, na ulipoondoka nilibaki na brashi mkononi bila kukushukuru ipasavyo. Nakushukuru leo.

Nilijifunza kuchora peke yangu, kwa kujaribu na kuharibu. Vitambaa vyangu vilipendeza siku ya kwanza, lakini vikifuliwa mara mbili tatu, rangi ilipasuka na kubanduka. Iliniuma sana. Wewe ulikigusa kimoja tu kwa vidole, ukauliza: "Mwanangu, ulikifua kabla ya kuchora?" Sikuwa nimekifua. Ukanieleza kwamba kitambaa kipya hutoka kiwandani na wanga na dawa zinazozuia rangi isishike kwenye nyuzi. Kwamba akriliki, ile rangi ya kuchorea niliyoitumia, ichanganywe na dawa yake maalumu ya kuchorea vitambaa, si maji matupu. Kwamba ikishakauka kabisa niipige pasi ya moto upande wa nyuma, bila mvuke.

Kisha ukakaa (na hukuwa na sababu ya kukaa!) ukanionyesha namna ya kuwamba kanvasi, kile kitambaa kizito cha kuchorea, kwenye fremu yake: unaanzia katikati ya kila upande, unakwenda kwenye pembe, ndipo haifanyi mikunjo. Halafu jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi kabla ya kuchora, tabaka mbili, na msasa laini kati yake.

Lile ua jekundu nililochora wiki ile limefuliwa mara nyingi mno, na bado linang'aa. Nikilitazama nakuona wewe. Asante sana, mama yangu. Popote ulipo, Mungu akujalie afya njema.