Kaka, ile fimbo ya mpera

Shikamoo kaka.

Simu hupokei, ujumbe unasoma hujibu, na wifi ananiambia unalalamika kwamba nilikuvunjia heshima mbele ya wageni kwenye arobaini ya mama. Basi nakuandikia hapa. Najua utapita kusoma.

Chupa ya chai ilivunjika, sawa. Ilikuwa ya mama, na wewe ulikuwa hujalala. Ungemzaba mwanao kofi palepale kwa hasira, ningenyamaza. Lakini ulimwambia, "Nenda kakate fimbo, uniletee." Mtoto wa miaka minane akaja kwenye mpera nyuma ya jiko, nami nimekaa hapo nachambua mchele. Akashika tawi, akalipinda, akaliacha. Akashika jingine. Akachagua nene, akanyofoa majani yote mpaka likabaki safi. Nikamuuliza mbona asikate jembamba. Akasema, "Shangazi, nikipeleka nyembamba baba ananirudisha, halafu anaongeza."

Ndiyo maana niliivunja fimbo ile mbele yako. Ningeivunja tena leo.

Unasema sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Wewe, kaka? Uliyekuwa ukisikia kengele ya baiskeli ya baba unatokea dirishani? Baba alipougua ulilipa kila kitu, dawa, gari, mpaka jeneza, na Mungu akulipe. Ila kukaa naye chumbani hukuweza. Ulimsalimia ukiwa mlangoni, ukatoka. Mzee akawa ananiuliza, "Kaka yako nimemkosea nini?" Nikakosa la kumjibu.

Watafiti wawili wa Marekani walikusanya tafiti za miaka 50, za watoto zaidi ya 160,000, wakatoa matokeo mwaka 2016. Walikuta kuchapwa, hata kule kwa kiganja tu, kunaendana na mtoto kuwa mgomvi zaidi, kusumbuka akili zaidi, na kutopatana na mzazi wake. Mimi niliposoma hilo la mwisho nilimwona baba kitandani.

Na mwanao sasa, lolote utakalomuuliza, jibu la kwanza ni "siyo mimi". Nilimuuliza kama ameshakula. "Siyo mimi, shangazi."

Hata shuleni, ambako sheria yetu bado inaruhusu viboko, mwisho ni vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na vinaandikwa kitabuni. Vya kwako nani anavihesabu? Na pamoja na hayo yote, Bukoba mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa, na mwaka uliofuata mwalimu akahukumiwa kunyongwa. Sikufananishi na yule, Mungu apishie mbali. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mto ulipofurika, hilo sijasahau. Ndiyo maana siamini kwamba mkono ule ule unamsubiri mtoto alete fimbo.

Utasema sijazaa, nitajua nini. Alipokaa kwangu wakati wifi amejifungua, hakuna aliyemgusa, na vyombo alikuwa anaosha bila kuambiwa. Wewe mwenyewe ulimsifu, ukaniuliza nimemfanyaje. Nilikujibu siku ile: nilimwambia, basi. Ulicheka. Sikuwa natania, kaka.

Likizo ya Juni aje kwangu. Nauli nimeshamtumia wifi. Ukitaka kuninunia, ninunie, lakini mtoto mpandishe basi.