Askari wanyamapori waachwe wafanye kazi yao

Ndugu mhariri, naomba kanafasi nami niseme. Huku Marekani msimu wa kuwinda bata mwitu ukifunguliwa tu watu wanaanza kulalamika eti askari wanyamapori wanawasumbua, jamani wanasumbua nini? Wanakuja na boti asubuhi, wanaomba leseni na ile stempu ya bata ya serikali kuu, yaani kibali cha kuwinda bata, iliyoanza 1934, wanahesabu bata uliowaua, halafu wanajaribu bunduki yako, ikimeza risasi zaidi ya 3 umevunja sheria, basi.

Kinachoniuma zaidi ni marisau, vile vipira vidogo vya kwenye risasi ya bunduki. Yale ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa bata nchi nzima tangu 1991, maana yanayodondoka majini bata wanayameza wakidhani ni changarawe, yanasagikia tumboni na sumu inamuua polepole hata kama hakupigwa, sasa bila mtu wa kukagua nani atajua umeweka nini kwenye bunduki?

Na wale wanaofyatua giza bado halijaisha, bata gani huyo hata humjui! Mi naomba askari waongezwe siku ya ufunguzi, na wawinda halali tuwape ushirikiano.