Mlio wa masikio: 'Utazoea' peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Dodoma aliyeandika wiki mbili zilizopita. Aliuliza kama kuna dawa ya mlio masikioni. Wake, alisema, ni kama wa nyenze, na umemnyima usingizi tangu mwaka jana. Barua ile niliisoma mara tatu. Mke wangu akaniuliza kuna msiba gani gazetini, nikampa asome mwenyewe. Akasema, "Huyu ni wewe wa mwaka ule."

Mimi ni msagaji wa nafaka hapa Kihonda, Morogoro. Mlio ulipoanza nilikuwa nimefikisha miaka 22 ndani ya banda la bati lenye mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga. Anayejua mashine ya nyundo inavyonguruma mahindi yakiingia atanielewa: mteja hukuonyesha kwa vidole anataka nini, maana kusemezana haiwezekani. Vumbi la unga nilijikinga kwa kitambaa puani. Kwamba masikio nayo yanakingwa, hakuna aliyewahi kuniambia.

Ilikuwa Agosti 2020, msimu wa mavuno, tunasaga mpaka saa nne usiku. Nilizima mota, nikafunga banda, nikafika nyumbani, na sauti ikawa bado ipo. Nyembamba, kali, kama mtu anakwaruza chekeche kwa ncha ya msumari bila kupumzika. Mwanzoni sikuogopa. Sisi tuliowahi kunywa kwinini tunajua masikio yanavyovuma, na dozi ikiisha mvumo nao unakwisha. Nikasubiri. Mwezi ukapita.

Wengine wakasema nasengenywa. Nikatiwa mafuta ya kitunguu saumu, nikachokonoa kwa kijiti cha pamba mpaka nikaona damu, nikauziwa kwa simu vidonge vya shilingi 120,000. Mzee mmoja akasema nimetupiwa kitu, nikatoa mbuzi. Hayo yote nimeyasamehe. Kilichonikaa moyoni ni neno moja la hospitalini. Daktari alinichungulia masikio, akasema ni masafi, akaandika kwenye faili. "Hiyo haina dawa, mzee. Utazoea." Dakika tano hazikutimia. Nilikaa kwenye benchi la nje nikihesabu: nina miaka 56, Mungu akinipa mingine ishirini, ni usiku ngapi hizo?

Nieleze hali yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu aliye nje haioni. Mchana mashine iliufunika mlio. Usiku ndio ulikuwa unaning'ang'ania. Nikaanza kuogopa magharibi inavyoingia. Msikitini, imamu akinyamaza kati ya aya na aya, nilisikia msumari tu, basi nikaanza kusali nyumbani. Nilimkaripia mjukuu wangu wa miaka mitatu kwa kugonga sufuria, akajificha nyuma ya pipa la maji akinitazama kwa jicho moja. Jicho lile ninalo mpaka leo.

Usiku mmoja wa Novemba nilikaa kizingitini nikiwaza kwamba afadhali nisingeamka tena. Naliandika hili kwa makusudi, kwa sababu ndugu wa Dodoma aliandika "nimechoka", na mimi kuchoka kule nakujua. Nilimwamsha mke wangu nikamwambia wazi. Dawa hakuwa nayo. Alichemsha chai ya rangi, tukakaa mpaka adhana, na kulipopambazuka akasema kesho tunakwenda hospitali kubwa, na safari hii anaingia chumbani na mimi. Ndugu yangu, ukifika pale, mwamshe mtu usiku huohuo. Usingoje asubuhi.

Idara ya masikio, pua na koo ilinipeleka kwa binti mmoja mtaalamu wa usikivu. Alinifungia kwenye chumba kisichopitisha sauti, akanivalisha vipaza sauti vya masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia. Kisha akanionyesha mchoro: mstari ulikwenda vizuri, ukifika kwenye sauti nyembamba unaporomoka. Akasema, "Baba, huna jini wala ugonjwa wa ubongo. Hii ni mashine yako."

Akanieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na makelele ya miaka huviua, na vikifa havioti tena. Ubongo unapokosa sauti uliyoizoea ni kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali: anaongeza redio, na anachopata ni mkwaruzo. Mkwaruzo huo ndio mlio. Ukiuogopa, ubongo unauweka kwenye ulinzi kama mwizi, na kadiri unavyoulinda ndivyo unavyousikia.

Halafu akaniuliza swali ambalo sitalisahau. "Ukiwa kazini, mashine unaisikia?" Nikafikiri. Kwa kweli, miaka mingi nilikuwa siisikii. Lakini mkanda ukiteleza kidogo tu, nageuka hata kama niko nje napima pumba. Akasema, basi ubongo wako unaijua kazi hii. Unanyamazia kisicho na hatari. Tutaufundisha kwamba mlio huu si mkanda unaoteleza.

Neno lilikuwa lilelile, kuzoea. Yule wa kwanza alinitupia, huyu alinionyesha njia yake.

Na njia ni ndefu, nisimdanganye mtu. Aliniambia nisilale kwenye kimya. Nikakumbuka kwamba usiku pekee niliokuwa nimelala vizuri ulikuwa wa mvua, bati likipiga juu. Kwa hiyo nikanunua pangaboi, nikaliwasha usiku kucha, na kijana wangu akaniwekea redio katikati ya stesheni mbili, inavuma tu, sauti ya chini kiasi kwamba mlio bado nausikia kwa mbali. Hilo alilisisitiza: usiufunike wote, la sivyo ubongo hautajifunza. Saa ya kulala ikawa moja. Nikiamka saa nane sikubaki kitandani kupigana. Nilitoka, nikachambua maharage ya kesho, nikarudi usingizi ukija. Kila nilipojisemea "nimekwisha", nilitakiwa kujijibu kwa jambo la kweli: jana nililala kwa muda wa saa nne, leo nimesaga magunia sita. Niliona ni mambo ya kitoto. Yalinisaidia kuliko vidonge.

Miezi mitatu ya kwanza sikuona kitu. Wa nne nikapata siku mbili nzuri, nikafurahi, wa tano mlio ukarudi kwa kishindo baada ya msiba wa kaka yangu, nikalia nikidhani nimerudi mwanzo. Kumbe sikuwa nimerudi. Safari hii ulitulia ndani ya wiki mbili.

Kisha Machi 2022, mwaka na nusu tangu uanze, umeme ulikatika usiku. Zamani pangaboi likizima nilikuwa naruka kitandani kama nimemwagiwa maji. Asubuhi ile mke wangu akaniuliza, "Umelalaje na umeme umekatika tangu saa saba?" Nikatazama juu. Mapanga yamesimama. Nikasikiliza: mlio upo palepale, haukuwa umeondoka hata kidogo. Ila mimi nilikuwa nimelala.

Nipo hivyo hadi leo. Nikiutafuta naupata, nisipoutafuta, inaweza kupita nusu siku. Nimerudi msikitini.

Ombi langu kwa waganga wa zahanati zetu ni hili: kama hamna kipimo, mpeni mgonjwa dakika kumi za maelezo. Na mtu ambaye mlio wake uko upande mmoja tu, au unadunda pamoja na moyo, au umekuja na kizunguzungu, au sikio limeziba ghafla, asiambiwe azoee; apelekwe haraka kwa bingwa, hasa huyo aliyeziba sikio ghafla, kwani kwake kila siku ina uzito.

Wenye mashine wenzangu, wataalamu wa afya kazini wanashauri mtu asikae kwenye kelele ya kupita desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda upunguzwe nusu. Katika mabanda yetu ya bati mnajua wenyewe. Kijana wangu wa kazi nimemnunulia viziba masikio vya kufunika sikio lote, na asiyevivaa simwashii mota.

Mhariri, jina langu naomba usilichapishe, lakini namba ya simu unayo. Ndugu wa Dodoma akiitaka, mpe. Apige baada ya saa mbili usiku, mashine ikiwa imezimwa.

Msagaji,
Kihonda, Morogoro