Barua ya malalamiko: Fungu la mchanga mlilotuuzia lilikuwa chini ya maji

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
18 Agosti 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Tawi la Mombasa.

Ndugu Meneja,

MINTARAFU: ZIARA YA VISIWA, UNGUJA, JUMAMOSI 9 AGOSTI 2025, NA KUREJESHEWA SH39,000

Mwezi wa Julai nilikuja ofisini kwenu na binti yangu mkubwa, tukalipia safari ya siku nne ya Unguja kwa watu sita: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu. Basi la kwenda Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga lilikuwa zuri. Boti ya kuvukia Unguja iliondoka kwa wakati. Hoteli ya Mji Mkongwe sina neno nayo, labda mashuka tu, yalikuwa mafupi. Ninalolalamikia ni siku moja, ile ya Jumamosi, ambayo kwenye ankara yenu ina mstari wake peke yake: ziara ya visiwa, watu 6, Sh39,000.

Siku hiyo ndiyo hasa tuliyoifuata. Kitinda mimba wetu ana miaka sita. Alikata picha ya fungu la Nakupenda, ule mchanga wa katikati ya bahari unaoonekana maji yakipwa, kwenye kijitabu chenu akaibandika kwenye mlango wa kabati, na kila asubuhi akihesabu siku zilizobaki. Tulimnunulia ndoo ya kuchezea mchanga pale Marikiti, na usiku wa kuamkia safari alilala nayo. Kijitabu kilichobaki, chenye tundu la mkasi, nimekiambatisha. Humo mmeandika wenyewe: kuondoka ufukwe wa Shangani saa mbili asubuhi; mashua ya tanga; watu wasiozidi 12; fungu la mchanga tangu saa tatu hadi saa saba, na chakula cha mchana papo hapo mchangani; kisha kisiwa cha Changuu kuwaona kobe; kurudi saa kumi.

Saa mbili kasorobo tulikuwa tumeshasimama Shangani. Mashua ya tanga hatukuiona. Palikuwa na boti ya faiba yenye injini moja, na mwongozaji wenu akatueleza kwamba mashua imepandishwa pwani kwa matengenezo. Hilo tulilimeza. Ikagonga saa mbili, ikagonga saa tatu, boti iko pale pale, kwa kuwa kuna wageni wengine walikuwa wakija na gari kutoka Nungwi. Nahodha, mtu mzima mwenye mvi, muda wote alikuwa ametazama maji. Saa tatu na robo alinisogelea akanambia kwa sauti ya chini, "Mama, leo bamvuhi. Fungu halingoji mtu."

Bamvuhi ndizo siku maji yanapopwa sana na kujaa sana. Nikampelekea mwongozaji maneno hayo. Akapiga simu ofisini kwenu Mombasa mbele yangu. Jibu lililotoka huku lilikuwa neno moja: ngojeni.

Tuliondoka saa sita kasorobo.

Nilipokuja kulalamika Jumatano iliyopita, kijana wenu wa mapokezi aliniambia bahari ni ya Mungu, na kwamba masharti yenu yanasema ratiba yaweza kubadilika kwa sababu ya hali ya hewa. Ndugu Meneja, mimi ni mtoto wa Kibokoni na babu yangu alikuwa baharia. Bahari ni ya Mungu, nakubali, lakini saa zake zinajulikana. Tarehe 9 Agosti ilikuwa mwezi mpevu. Bamvuhi la mwezi mpevu, hapa na Unguja, maji hupwa kabisa kama saa nne, saa nne na nusu asubuhi, na hujaa kuelekea saa kumi na nusu jioni. Mtoto anayevua kwa mshipi pale Forodhani anajua hivyo. Asiyejua atazame jedwali la maji ya bandari ya Kilindini, ambalo huchapishwa mapema kwa mwaka mzima, na saa za Unguja hazipishani nalo sana. Siku ile jua liliwaka tangu asubuhi, na upepo wa kusi ulikuwa ule ule wa kila Agosti. Hiyo hali ya hewa iliyobadilisha ratiba ni ipi? Tuliambiwa tungoje gari la Nungwi, tukangoja, na maji hayakungoja.

Tena si kwamba hamkujua. Ratiba yenu ya saa tatu hadi saa saba imewekwa sawasawa kwa siku kama ile; aliyeipanga anaijua bahari. Aliyeshika simu ndiye asiyeijua, au anaijua na hakujali.

Wageni walipofika tukawa watu 27 pamoja na mabaharia. Nilihesabu mara mbili. Jaketi za kujiokolea zilikuwa 14, zote za watu wazima. Aliyovishwa mwanangu ilimpita mabegani ikatoka kichwani alipoinua mikono, na jaketi ya namna hiyo ndani ya maji ingebaki inaelea peke yake. Mume wangu aliikaza kwa leso ya mama yake, akaipitisha chini ya mapaja ya mtoto na kuifunga fundo kifuani. Hivyo ndivyo mtoto wa miaka sita alivyosafiri na kampuni yenu. Katika barua hii yote, hili ndilo linaloninyima usingizi. Mengine nakasirika tu.

Kwa kuwa wale wenzetu walikuwa wameahidiwa Changuu kwanza, tukaenda Changuu kwanza. Sitaki kuwasemea vibaya kobe, watoto waliwapenda. Ni kobe wa Aldabra, wa kwanza wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na wakubwa wao ukiwapa majani ya mchicha hunyoosha shingo kama mzee anayetaka kusikia siri. Ila mwongozaji wenu aliwaambia watu kwamba lile jengo la jela lililoko kisiwani lilijaa wauaji sugu. Binti yangu alikuwa amesoma kabla ya safari, akamwambia kwa adabu kwamba jela ile ilijengwa miaka ya 1890 na haikuwahi kutumiwa kufungia wahalifu, ikageuzwa karantini ya wagonjwa. Mwongozaji akacheka, akaendelea na wauaji wake.

Tulifika kwenye fungu saa tisa kasorobo. Nasema tulifika kwa sababu nahodha alizima injini akasema ndipo hapa. Rangi ya maji tu ndiyo ilikuwa tofauti. Tukashuka, maji yakanifika magotini, mtoto yakamfika kiunoni. Alisimama na ndoo yake mkononi, akageuka kushoto, akageuka kulia, akaniuliza, "Mama, mchanga uko wapi?" Baharia mmoja akamwonyesha chini kwa kidole.

Chakula cha mchangani kililiwa majini. Mpishi alikuwa ametangulia na boti ndogo akiwa na jiko la makaa, na tulipomkuta alikuwa amelibeba jiko kifuani kwa vitambaa viwili, moshi unamwingia machoni, mwenzake anageuza pweza kwa uma. Sahani za tikiti maji ziliwekwa juu ya ubao, wimbi likapita, vipande vikaanza safari ya kwenda bara. Wali wa nazi ulikuwa mtamu, nawapa haki yao wapishi wale. Mama mkwe alikataa kushuka. Alikaa gubetini, mbele ya boti, buibui amelikunja hadi magotini, sahani mapajani, akanambia, "Mwanangu, tumekuja kula pweza au pweza wamekuja kutula sisi?" Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini yule ni mama wa miaka 71 aliyekuwa ameahidiwa kivuli na mkeka.

Dakika 25 baadaye tuliambiwa tupande. Njia ya kurudi kusi ilitupiga, injini ikazima mara mbili, boti ikaenda mrama na watu wakatapika. Tulikanyaga Shangani adhana ya magharibi ikitolewa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. La kwanza, mnirejeshee Sh39,000 zote za ziara ile, kwa M-Pesa, kwenye namba ile ile niliyolipia. Msinipe vocha ya safari nyingine, kijana wenu ameshanitajia nami nimekataa. La pili, mnijibu kwa maandishi kwa nini boti ya watu 12 ilibeba 27 na kwa nini haikuwa na jaketi hata moja ya mtoto. La tatu, asiadhibiwe nahodha. Nimemtaja kwa sababu ndiye peke yake aliyesema kweli siku ile, na nikisikia amepoteza kazi kwa barua hii nitakuja ofisini kwenu mwenyewe.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012. Nawapa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka nakala kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kisha nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Dai langu ni dogo mno kwake, lakini foleni naijua na subira ninayo.

Nimeambatisha ankara, kijitabu, ujumbe wa M-Pesa na picha nne. Ya tatu ndiyo ya mpishi na jiko.

Wenu,
Mteja wa ziara ya 9 Agosti

Tanbihi: Ndoo ya mtoto ilisahaulika botini, chini ya kiti cha tezi, kule nyuma. Ni ya buluu, mkono wake umekatika na umefungwa kwa kamba ya katani. Kama mwaweza kumuulizia nahodha, nitashukuru.