Programu za marejeo zifundishwe mwanzoni mwa utafiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowatesa wanafunzi wengi wa shahada za juu, nalo ni orodha ya marejeo. Wengi huiacha hadi tasnifu inapokaribia kukabidhiwa, ndipo huanza kufukua vitabu na makala walizozisoma zamani, wakisaka mwaka wa kuchapishwa hapa na nambari ya ukurasa pale. Nami nilipita njia hiyo. Tasnifu yangu ya uzamili niliiandika nikichapa kila rejeo kwa mkono, kisha nikatakiwa kubadilisha mtindo mzima wa unukuzi, yaani namna ya kuandika marejeo, zikiwa zimesalia siku chache. Hapo nikagundua kwamba kazi kadhaa nilizozitaja ndani ya sura hazikuwamo katika orodha. Moja kati ya hizo sikuipata tena, ikanilazimu kuifuta aya nzima iliyoitegemea.

Taabu hiyo ingeepukika. Zipo programu za kompyuta za kuhifadhi na kupanga marejeo: Zotero, ambayo hutolewa bure, ipo tangu mwaka 2006, na zipo nyingine kama EndNote na Mendeley. Mtafiti anayesoma makala kwenye intaneti hubofya kitufe kimoja katika kivinjari chake, na programu ikahifadhi jina la mwandishi, kichwa cha makala, jarida na mwaka, mara nyingi pamoja na faili ya makala yenyewe. Kitabu kilicho mezani huingizwa kwa kuandika ISBN, yaani nambari yake ya utambulisho. Wakati wa kuandika, mtafiti hupachika rejeo ndani ya sentensi na orodha ya mwisho hujipanga yenyewe. Akiambiwa aache mtindo mmoja wa unukuzi, tuseme APA, afuate mwingine, tuseme Chicago, huchagua mtindo mpya na marejeo yote yakabadilika.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaoziamini programu hizi bila kukagua, kwa sababu programu huhifadhi kile ilichopewa na ukurasa, kiwe sahihi au kisiwe. Shirika la Afya Duniani likiingizwa katika nafasi ya jina la mtu, neno la mwisho huchukuliwa kuwa jina la ukoo, na orodhani rejeo hilo huonekana chini ya herufi D, kwa jina la “Duniani”. Mtumiaji hana budi kubainisha kwamba mwandishi huyo ni taasisi. Kosa la pili linatugusa zaidi sisi tunaonukuu kazi za Kiswahili. Mitindo kadhaa hukuza herufi ya kwanza ya karibu kila neno katika vichwa vya Kiingereza, na rejeo lisilotajwa lugha yake huweza kudhaniwa kuwa la Kiingereza, hata kichwa kikatoka “Matumizi Ya Lugha Katika Elimu”. Dawa yake ni kujaza sehemu ya lugha kwa kifupi cha Kiswahili, yaani “sw”. Ni kazi ya sekunde chache kwa kila rejeo, lakini nimesoma tasnifu nyingi ambazo hakuna aliyeifanya.

Ndiyo maana naona ni makosa kwa vyuo kuweka mafunzo ya programu hizi mwishoni mwa masomo, kana kwamba ni sehemu ya kupamba kazi iliyokwisha. Faida yake kubwa iko katika kusoma: kuandika muhtasari kando ya kila chanzo, kukipa maneno ya kukitafutia, na kukipata tena baada ya miezi mingi. Nawaomba wasimamizi wa utafiti, wanapopokea pendekezo la mwanafunzi, waombe pia kuiona maktaba yake ya marejeo ikiwa bado na vyanzo kumi au ishirini, kwa kuwa makosa ya vyanzo ishirini hurekebishwa kwa kikao kimoja, ilhali ya vyanzo mia nne hayarekebishiki usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Wako katika elimu,
Mtafiti na msomaji wa gazeti hili