Wanangu wa kijiwe, ile hasira ilikuwa ya nani?

Wanangu wa kijiwe cha bodaboda cha njia panda,

Salamu nitawapa siku nyingine. Jumanne mmemuua kijana kwa sababu ya kofia ngumu ya pikipiki. Aliiiba, ndiyo, asije mtu akasema babu anatetea wezi. Mimi nimeibiwa baiskeli mbili, najua uchungu wake.

Watawaita "wananchi wenye hasira kali". Jina hilo linanikera tangu nina meno yote. Hasira gani? Nilikuwa dukani nanunua betri za redio, niliwaona. Mlikuwa mnacheka. Mmoja wenu alisimamisha pikipiki, akamwambia abiria wake, "Nisubiri kidogo mama," akaenda akapiga mateke mawili, akarudi, akawasha, akaondoka. Hata kuuliza kaiba nini, hakuuliza.

Huyo ndiye ninayemwandikia hasa. Nilipokuwa mzee wa baraza Mahakama ya Mwanzo, kesi za shambulio nilizisikiliza mpaka nikachoka. Ulimwona akiiba? "Hapana, mheshimiwa." Sasa ulimpigia nini? "Nilikuta wenzangu wanapiga." Wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Siku moja tulimtafuta aliyeanza, tusimpate. Wote walikuta wenzao wanapiga! Bahati mbaya yenu, sheria haihangaiki na wa kwanza. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinawafunga kamba moja wote wenye nia ya pamoja. Mwizi yule angekula miaka 7 jela, tena ikizidi sana. Mwuaji ni kunyongwa. Haya, pigeni hesabu ya hiyo kofia.

Mtasema polisi wanamwachia, kesho yuko mtaani anatucheka. Hutokea, na wanaopokea kitu kidogo kituoni nao nitawaandikia barua yao. Lakini kesi ngapi nimeona zikifutwa kwa sababu mlalamikaji hakutokea! Siku ya ushahidi yuko kijiweni anatafuta hesabu ya bosi mwenye pikipiki. Miguu ya kumkimbiza mwizi mnayo, ya kwenda mahakamani hamna.

Mengine kwa ufupi. Mtu anayekufa harekodiwi kwa simu. Watoto wa shule wafukuzeni pale. Mwizi akikamatwa, mshikeni, mwiteni mwenyekiti wa mtaa, pigeni 112. Wala msiniambie mlikuwa na uhakika: huku Kanda ya Ziwa tumewaua bibi zetu, tukiwaita wachawi kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia, na uhakika tulikuwa nao.

Na wewe uliyemletea maji wakakusukuma, nilikuona, mwanangu. Pita nyumbani, bibi yako anakuulizia.

Ndala moja ya kijana mliyemuua bado iko mtaroni. Mama yake anakuja Jumapili kuona mahali. Nitamleta mwenyewe, kwa miguu, saa nne asubuhi. Asiondoke mtu.