Pima kwanza kabla hujafungua

Rafiki yangu Salim,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na natumaini nanyi nyumbani hamjambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana hayo unayoyaeleza yalinikuta mwaka jana. Gemu inaanza vizuri, baada ya dakika ishirini feni zinavuma, picha inakwamakwama, kisha skrini inazima. Najua inavyouma, hasa kwa kitu ulichojinyima ili ukipate. Nakuomba usikimbilie kununua kadi nyingine ya picha (ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za gemu), na hiyo uliyonayo usiifungue kabla hujaipima.

Weka HWiNFO au GPU-Z, programu za kupimia joto la kadi, uiache ikirekodi wakati unacheza. Tazama namba mbili: joto la chipu, na joto la mahali penye moto kuliko pote ndani ya chipu hiyo, ambapo programu hupaandika Hot Spot. Kadi nyingi zikibebeshwa kazi nzito hukaa kati ya nyuzi 65 na 80 hivi za Selsiasi. Zikipanda kuelekea 90 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue, ndiyo maana picha inakwama. Namba hizo mbili kwa kawaida huachana kwa nyuzi 10 hadi 20. Yangu ilisoma 80 na 112, na pengo hilo ndilo lililonionyesha kwamba ugonjwa uko chini ya bamba la kupozea, lile la chuma linalonyonya joto la chipu, wala si kwenye feni.

Kisha toa ubavu wa kasha la kompyuta, ucheze tena gemu ile ile kwa muda ule ule. Joto likishuka sana, kadi yako haina kosa, inakosa hewa. Feni za mbele zinapaswa kuvuta hewa ndani, za nyuma na za juu kuitoa. Ukitaka kujua feni inapuliza wapi, tazama upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota: hewa hupulizwa kuelekea upande huo. Nimewahi kukuta kasha ambalo feni zake zote zilikuwa zinavuta ndani.

Umeandika pia kwamba ukiwasha kompyuta feni za kadi hazizunguki. Hilo lisikutie hofu. Kadi nyingi za siku hizi huzisimamisha mpaka joto lifike nyuzi 50 au 60.

Vumbi ulitoe hata kama huoni mengi, kwa kuwa hujificha kati ya mapezi ya alumini, nyuma ya feni. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, ndipo upulize. Mapanga ya feni yashike kwa kidole. Ukiyaacha yazunguke kwa nguvu ya upepo unaweza kuiua feni nzima.

Kama pengo la namba zako ni kubwa kama langu, basi pesti iliyo juu ya chipu, ule ute unaopitisha joto kwenda kwenye bamba, imekauka au imesukumwa pembeni. Kama kadi bado ina waranti, irudishe ulikoinunua. Kama haina, fungua taratibu: skrubu zilegeze kwa kukingamisha, kidogo kidogo, na usilivute bamba kwa haraka, kwani kuna vijiwaya vya feni vimeunganishwa chini yake. Pedi laini zilizo juu ya memori kila moja ibaki mahali pake. Ikichanika, tafuta nyingine ya unene ule ule. Iliyozidi unene italinyanyua bamba lisiguse chipu, na joto litakuwa baya kuliko mwanzo. Pesti ya zamani nilifuta kwa alkoholi ya isopropili, nikapaka mpya, nikafunga. Usiku ule nilisoma 71 na 84, nikakaa nikizitazama tu zile namba, gemu nimeisahau.

Wakati unasubiri kupata pesti, fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, ushushe kikomo cha umeme kutoka asilimia 100 hadi 80. Utapoteza fremu chache, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, lakini joto litapungua waziwazi. Fremu nazo zifungie kwenye idadi ambayo skrini yako inaweza kuonyesha kwa sekunde. Zinazozidi hapo ni moto wa bure.

Niandikie namba nne: mbili kasha likiwa limefungwa, mbili likiwa wazi. Nikizipata nitakwambia kama ushike bisibisi au la.

Wako,
Hamisi